TAHADHARI: Waya wa "kopa tupu" na swichi ya kubandikwa stika, Arusha mjini

Wana Arusha, kama yupo anayejiandaa kununua swichi ya mtandao (kile kiboksi cha kuongezea matundu ya ruta) na boksi la waya wa mtandao wa nyumbani, asitoe hata shilingi kabla hajasoma hapa. Kuna muuzaji mjini anaibia watu mchana kweupe. Nimeshindwa kunyamaza.

Ruta yangu ya intaneti nyumbani ina matundu manne, na vitu vya kuchomeka vilishayapita zamani: kompyuta ya kuhariri, diski ya kuhifadhia video za harusi, TV, kinasa cha kamera, na sasa shemeji kahamia chumba cha nyuma na kazi zake. Nilitaka swichi ya matundu manane yenye kasi ya gigabiti (Mbps 1,000), na waya wa Cat6, daraja la waya wa mtandao linalobeba kasi hiyo, mpaka kila chumba na getini. Basi.

Niliingia kwake asubuhi, bado anapangusa kioo cha kaunta. Akanipa kiti. Akaniuliza maswali ambayo wauzaji wengi hawaulizi: geti liko umbali gani, mabomba ya ukutani yana kona ngapi, fundi ni nani. Akachora nyumba yangu kwenye karatasi. Nilipoulizia swichi ya bei kubwa iliyokuwa juu kabisa ya shelfu, akanizuia: "Kaka, hiyo ya maofisi. Usichome hela bure." Mtu anayekuzuia kununua cha bei kubwa dukani kwake mwenyewe, unamshuku kwa lipi?

Akachukua swichi iliyokuwa kaunta, akachomeka laptop yangu upande huu na kompyuta yake upande ule, akanigeuzia skrini. 1.0 Gbps. Nimeona kwa macho yangu. Kisha akakata kipande cha waya, akamenya gamba la plastiki kwa wembe, ndani kukang'aa rangi ya shaba. "Kopa tupu hii, shaba mpaka ndani. Hata miaka ishirini ijayo utanikumbuka."

Nikakubali. Akasema ile ya kaunta ni ya kuonyeshea wateja, akamtuma kijana stoo. Kijana akarudi na swichi nyingine kwenye boksi lake, limevishwa nailoni safi. Nilitaka kulifungua palepale. Akaweka mkono juu ya boksi, taratibu, akaniambia: "Ukifungua hapa garanti inaanza kuhesabiwa leo. Kafungue siku fundi anafunga." Nikaona ananijali! Boksi la waya la mita 305 kwa 380,000, swichi 85,000, na vichwa vya kufunga kwenye ncha za waya juu yake. Sehemu ya hela hiyo ilitoka kwenye kikoba cha mama watoto, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Fundi akavuta waya, ukuta ukapigwa plasta, rangi ikapakwa. Intaneti ikafika kila chumba. Hapa ndipo wengi walioibiwa hawatajua kamwe, kwa sababu intaneti ya nyumbani kwangu ni Mbps 20, na hata swichi ya kizamani ya Mbps 100 inaibeba bila shida yoyote. Ukipima kasi kwenye simu unaona kila kitu kizuri. Mimi nimegundua kwa sababu ya kazi yangu. Kuhamisha gigabaiti 64 za harusi kutoka kompyuta kwenda kwenye diski kulichukua zaidi ya saa moja na nusu, megabaiti 11 kwa sekunde, haivuki hapo, na huo ndio mwisho wa swichi ya Mbps 100. Gigabiti ya kweli ingemaliza kwa dakika kumi hivi.

Halafu kamera ya geti. Mchana inafanya kazi, usiku inazima na kuwaka, inazima na kuwaka. Inapata umeme kupitia waya huohuo wa mtandao, na giza likiingia taa zake za kuonea gizani zinawaka, inataka umeme zaidi. Kijana mmoja wa Moshi, fundi wa mitandao ya mahotelini, alikuja akakwangua waya kwa kisu. Chini ya ule wekundu, mweupe! Ni alumini iliyopakwa shaba juu. Akaukunja huku na huku kidogo tu, ukakatika. Alumini ina ukinzani mkubwa kuliko shaba, kwa hiyo kwenye waya mrefu umeme unafika getini umepungua. Viwango vya Cat6 vinataka shaba yenyewe. Kisha akabandua stika chini ya swichi. Juu iliandikwa 10/100/1000. Chini yake, maandishi ya kiwandani: 10/100, yaani mwisho wake Mbps 100.

Nikarudi dukani nikiwa na vyote mkononi. Mbele ya wateja ananiambia fundi wangu ndiye kaharibu, bidhaa ikifunguliwa hairudi, na kwamba sielewi mambo ya mtandao. Watu wananitazama. Kijana wa stoo anacheka.

Huyu afungiwe duka. Simsamehe. Tume ya Ushindani ndiyo inayoshughulikia bidhaa bandia kwa Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na malalamiko yangu nimeshayaandika. TRA nao waje, maana risiti aliyonipa ni ya kuandika kwa mkono, eti mashine ya EFD inasumbua. Na lipa namba nayo "ilikuwa inasumbua", hela ikaingia kwenye namba yake binafsi. Alipe waya, alipe fundi, alipe plasta na rangi, kisha apelekwe mahakamani kama wezi wengine wanavyopelekwa! Anayeiba kuku anafikishwa kituoni siku hiyohiyo, huyu anakunywa chai kaunta.

Ya kuangalia, kwa haraka: waya ukwanguliwe mpaka ndani, kumenya plastiki peke yake hakutoshi. Boksi la alumini ni jepesi mkononi. Swichi mnayoijaribu ndiyo hiyohiyo muondoke nayo. Stika iliyobandikwa juu ya stika, kataeni. Na risiti ya EFD kabla ya hela kutoka.

Kama ulinunua swichi mjini hivi karibuni, igeuze sasa hivi, bandua stika ya chini, piga picha. Ukikuta maandishi mawili tofauti, niandikie pembeni nikutajie duka. Malalamiko ya watu wengi kwa pamoja hatayakwepa.