Kuuza pikipiki ya Boxer iliyotumika Arusha: taslimu au mkataba?
Taslimu inaisha haraka. Mnunuzi anakuja na fundi wake, anasikiliza injini, anakagua cheni na tairi, mnapatana, mnaandikishana kwa mwanasheria, kisha umiliki unahamishwa TRA (mamlaka ya mapato). Hilo la mwisho usiliache: namba ikibaki kwa jina lako, faini za barabarani zinakuja kwako.

Mkataba na dereva wa bodaboda huleta jumla kubwa zaidi, maana analeta hesabu kila siku au kila wiki mpaka amalize bei, huku kadi ya pikipiki ukikaa nayo. Ila chombo kinachakaa kabla hujamaliziwa fedha, na kikiibiwa, bima ndogo (ya mtu wa tatu) haikulipi.

Dereva ninayekijua kijiwe chake ningempa mkataba. Nisiyemjua, taslimu tu, hata akiomba apunguziwe laki mbili.