Mwalimu wa farasi wanaogoma kwenda mbele (Karen, Ngong na Jamhuri): pesa yangu imeenda vizuri, ila soma kwanza

Nyota nne kati ya tano. Ile moja nimeinyima kwa sababu nitazitaja huko chini.

Huyu mama hana shamba lake, ni mwalimu wa kuzunguka, anakuja mpaka pale unapoweka farasi wako, iwe Karen, Ngong ama Jamhuri, na ata Tigoni anafika akipata wateja wawili wa njia moja. Kazi anayojulikana nayo ni ya aina moja tu, yule farasi ambaye ukishampanda anasimama, ukimpiga visigino anarudi nyuma, ukiongeza fimbo anainua miguu ya mbele ama anageuka kwa nguvu kurudi bandani. Jina lake siweki kwa sababu mwenyewe hapendi kutangazwa mitandaoni, anasema wateja wake ni wa kuambiana. Uliza saisi yeyote, yaani mtunza farasi, wa pande za Karen atakuelekeza.

Wangu ni dume aliyehasiwa, alikuwa wa mbio, alikimbia Ngong Racecourse kabla ya kustaafishwa, wale warefu wembamba wenye mfupa wa juu ya mabega umechongoka. Tunamwita Sultani. Chini ni mpole mpaka unashangaa, saisi anamwosha akiwa amesinzia, mtoto mdogo anamvuta kwa kamba anafuata. Shida ilikuwa ni tandiko likiwekwa tu. Anatoka bandani sawa, anafika lango la kiwanja, amesimama. Alafu ikawa ata katikati ya kiwanja anasimama, masikio nyuma, mkia unachapa chapa, mgongo umekakamaa unausikia mpaka kwa makalio yako.

Kabla ya huyu mama tulikuwa na mwalimu mwingine, simtaji, ambaye dawa yake ilikuwa moja, kiboko. Alisema farasi ana dharau. Alimpanda akamchapa, farasi akaenda, sote tukapiga makofi, na wiki iliyofuata Sultani akaanza kuinuka kwa miguu ya nyuma. Mzee wetu saisi alikuwa amemwambia huyo mwalimu kwa heshima zote, "Boss, huyu hana dharau, mwangalie vile anauma hewa nikimfunga mkanda wa tumbo." Akajibiwa ashike kamba.

Sasa huyu mama alipokuja hakupanda. Kusema kweli mara ya kwanza hakugusa ata hatamu, na kama wewe ni mtu wa kutaka kuona pesa yako ikifanya kazi hapo hapo utakasirika. Alimsalimia mzee, akaketi naye kwenye ndoo zilizogeuzwa, akamuuliza maswali mimi nimesimama hapo kama mgeni kwangu. Anakula saa ngapi? Anaanza na nafaka ama nyasi? Usiku akimaliza nyasi anakaa muda gani bila kitu? Kinyesi kikoje? Akilala analalia upande gani? Mzee alikuwa na majibu yote, mengine mimi mwenye farasi nilikuwa siyajui.

Hapo kwa chakula ndio nilijifunza kitu. Tumbo la farasi linatoa asidi muda wote, awe anakula ama hali, kwa sababu aliumbwa kutafuna nyasi karibu mchana kutwa. Ukimwachia usiku mrefu bila nyasi, asubuhi ukampa nafaka kidogo alafu ukampanda, ile asidi inarukaruka inapiga sehemu ya juu ya tumbo ambayo haina kinga. Farasi wa mbio wengi sana wana vidonda vya tumbo kwa sababu ya maisha hayo ya nafaka nyingi na nyasi kidogo. Kwa hivo agizo lake la kwanza lilikuwa nyasi za Boma Rhodes zisikatike usiku, zitiwe kwa wavu wenye matundu madogo ili zichelewe kuisha, na kabla ya kutandika apewe lusina kiasi, yale majani ya malisho, ikae pale tumboni kama kinga. Dawa zenyewe, ile omeprazole ya kupunguza asidi, akasema hiyo ni ya daktari si yake.

Alafu tandiko. Aliliweka juu ya mgongo mtupu bila pedi yoyote, akarudi nyuma akalitazama kwa upande, akaingiza vidole kati ya tandiko na ule mfupa wa juu. Hapo panafaa pakae vidole viwili ama vitatu ata mtu akiwa amepanda. Mimi nikaambiwa nipande, vidole vyake vikabanwa vikashindwa kutoka. Tandiko lenyewe lilikuwa la farasi wetu wa zamani, chotara mnene mwenye mgongo kama meza, sasa kwa huyu mwembamba lilikuwa pana mno, linashuka mbele linakalia mfupa na linanisukuma mimi nianguke kifudifudi. Na sisi tulikuwa tumeongeza pedi nene chini kwa ushauri wa mtu wa duka, pedi ambayo ilishindwa kuinua kitu na ikaongeza msukosuko tu.

Baadaye akamwomba mzee amzungushe Sultani kwa kamba ndefu akiwa na hilo tandiko mpaka atoke jasho, alafu akalivua polepole akatuita tuone. Mgongo wote umelowa, lakini nyuma ya mabega, kila upande, kuna kiraka kikavu ukubwa wa kiganja. Mahali panapobanwa sana jasho halitoki. Akaweka kidole pale akabonyeza kidogo tu, ngozi ikatetema na Sultani akazamisha mgongo. Mzee akanitazama, hakusema kitu.

Mama akakataa kabisa kumpanda mpaka daktari wa farasi apite. Kuna watu wanamlalamikia kwa hili, wanasema anajikinga ama anagawana na daktari. Mimi naona ndio sehemu bora ya huduma yake. Anatumia orodha ya dalili iliyotengenezwa na Sue Dyson, daktari wa farasi wa Uingereza aliyefanya kazi miaka mingi kule Newmarket. Ni tabia 24 unazoangalia farasi akiwa amepandwa, masikio kulala nyuma kwa muda, mdomo kufunguka mara kwa mara, mkia kuchapa, macho kukodolea mbali, kukataa kwenda mbele mpaka apigwe visigino, na nyinginezo. Ukihesabu zikifika 8 au zaidi, uwezekano ni mkubwa kuna maumivu mahali kwa misuli ama mifupa. Video zetu za zamani alizihesabu mbele yangu na Sultani alipita hapo bila shida. Kwa hivo hicho tunachokiita ukaidi kimo kwenye orodha ya maumivu, hakijasimama peke yake.

Daktari alikuja akakagua meno, yalikuwa na ncha kali pembeni yakakwanguliwa, akabonyeza mgongo, akamwendesha kwenye ardhi ngumu kuona kama anachechemea, akachukua damu. Huku kwetu damu usiiruke. Kupe wa hizi sehemu wanaleta babesia, ugonjwa wa damu, na farasi mwenye babesia anakuwa mzito hana nguvu, ukimchapa unamchapa mgonjwa. Nasema hivi kwa sababu jirani yangu pale pale tulipo alisikia mbinu za huyu mama akaanza kuzitumia mwenyewe bila daktari, na farasi wake kumbe fizi zilikuwa nyeupe zinaelekea njano.

Sultani alipumzishwa, akatibiwa, na kwa tandiko mama alituazima moja la Wintec la mitumba ambalo chuma cha mbele unakibadilisha mwenyewe kwa bisibisi, vinakuja kwa rangi, njano ni ya wembamba zaidi, unapanda hivo mpaka nyeupe ya wale wapana kabisa. Anatembea na hivo vyuma kwa buti ya gari. Hii nimeipenda sana kwa sababu farasi aliyetoka mbioni anabadilika umbo akianza kunenepa na kupata misuli ya mgongo, leo chuma hiki, baada ya miezi kingine, na mfuko wako hauwezi kununua tandiko jipya kila msimu.

Kupanda kulianza baadaye kabisa. Maumivu yakiisha farasi bado anakumbuka, akiona lango anajikaza akingoja kuumia. Kwanza ni chini, ukiwa pembeni ya bega lake, unamwambia twende kwa sauti na kwa kugusa ubavu kwa fimbo laini pale ambapo mguu wako ungekuwa. Akipiga hatua moja, umeacha kila kitu. Ukiendelea kumgusa akiwa tayari anaenda unamfundisha kwamba kwenda hakumpi raha, na hapo ndio farasi wengi wa shule za kupanda wanakufa ganzi, kila hatua kisigino, kila hatua kisigino, mwisho hasikii tena.

Juu ya farasi ni vile vile, mzee akiwa amesimama kichwani lakini hamvuti. Nakumbuka mara ya kwanza, nilibana mashavu ya miguu kidogo tu, sikio moja likageuka nyuma kwangu, uzito ukahama mbele ata mguu haujainuka, na mama akapiga kelele, "Acha hapo hapo dada, amejibu!" Nikaacha. Akavuta pumzi ndefu, akaanza kulamba midomo. Tukarudia, hatua ikatoka. Kwa mtu anayepita barabarani hapo hakuna kitu cha kuona, watu wawili wazima na mzee mmoja wanashangilia farasi aliyetembea mita mbili.

Na hapa alinisema vizuri. "Dada, unaendesha kama matatu ya Rongai, mafuta na breki pamoja." Kumbe nikibana miguu mikono nayo inavuta. Kwa farasi wa mbio hii ni mbaya mara mbili, maana yeye hakufundishwa miguu vile sisi tunaitumia, joki anakaa juu magoti yamekunjwa, na ukimvutia hatamu yeye anajua ni kuegemea na kukimbia. Kwa hivo anapokea ujumbe mbili ambazo hazielewi, anachagua kusimama.

Akikwama kabisa, huyu mama hataki uendelee kupiga visigino. Unafungua hatamu ya upande mmoja, unamwongoza pua pembeni mpaka miguu ya mbele ivuke, na miguu ikishavuka ameshatoka, unamwacha aende mbele huko huko alikoelekea. Akirudi nyuma usivute. Akianza kuinuka mbele, unashuka, yeye mwenyewe alinikataza kujifanya jasiri, farasi akianguka kinyumenyume na wewe uko chini hakuna cha kujadili.

Jambo lingine dogo lililosaidia kuliko nilivyotarajia, alibadilisha mahali pa kushukia. Sisi wote tunamaliza langoni, tunashuka, tunalegeza mkanda, farasi anapewa karoti. Sasa si lazima lango liwe mbinguni kwake? Akatuambia tushukie kona ya mbali kabisa, tulegeze mkanda huko, tumtembeze kurudi kwa miguu. Na kwenda nje ya kiwanja alimpa jike mmoja mzee amtangulie, baadaye wakaenda sambamba, baadaye Sultani akatangulia, kwa sababu hawa wa mbio wamezoea kutoka kwa msururu asubuhi, kumpeleka peke yake siku moja ghafla ni kumtisha.

Sai anaenda. Troti anaenda, nje kwa barabara ya vumbi anaenda, bado kuna pahali pa mashine ya kuchomelea vyuma anasimama akiangalia cheche, namwacha aangalie, akishusha shingo naomba tena.

Malalamiko sasa. Anachelewa. Ngong Road tunaijua lakini mtu anayejua Ngong Road anatoka mapema. Haandiki chochote, mpango wote unakuja kwa sauti za WhatsApp ndefu, zingine amezirekodi akiwa anaendesha, na ukitaka kukumbuka alisema nini kuhusu kwato unasikiliza zote upya. Usafiri analipisha kando na hilo usipouliza hakwambii. Kwa ziara moja utalipa karibu mshahara wa saisi wa nusu mwezi, kabla ya daktari na kabla ya tandiko, kwa hivo jipange. Mvua ndefu zikianza anapotea, ingawa hapo nitamtetea kidogo maana viwanja vyetu vingi vinakuwa matope. Na mdomo wake ni mkali, kuna binti alilia pale kwetu.

Ukiwa na shoo Jamhuri wikendi ijayo na unataka farasi aende, usimwite, atakukatalia ama atakuja akwambie usishiriki na bado utalipa usafiri. Ukiwa na muda, mpigie simu, usitume ujumbe, mwambie farasi ametoka wapi, anakula nini na tandiko ni la nani, tuma video ya upande ukiwa umepanda. Na siku hiyo saisi wako asipewe kazi nyingine, bila yeye haanzi.