Be My Eyes: nimeitumia miezi mitatu hapa Kisumu

Be My Eyes ni apu ya simu ya kutusaidia sisi tusioona. Nianze na shati. Jumapili najitayarisha kwenda kanisa, shati jeupe nimelipiga pasi mwenyewe, nikasema wacha nijaribu hii kitu, nikalitandaza kitandani nikapiga picha. Sauti ikaniambia shati ni safi ila kuna doa la kahawia chini ya kifungo cha pili. Mchuzi wa samaki wa Ijumaa huo! Na Jumamosi nilikuwa nimelivaa mchana kutwa soko la Kibuye nikiuza, wateja wameliona na hakuna hata mmoja alifungua mdomo, watu wakijua huoni wanakuonea huruma ya kunyamaza.

Apu yenyewe ni ya bure. Ilianza 2015, jamaa wa Denmaki Hans Jørgen Wiberg ambaye pia macho yake si mazuri ndiye aliileta, enzi hizo unapigia mtu wa kujitolea kwa video anakuangalilia, na hiyo bado iko. Mimi nimeshikana na ile ya 2023, Be My AI, unapiga picha inakueleza, ukitaka unauliza tena juu ya picha hiyohiyo, TalkBack, ile sauti ya simu inayosoma kilicho kwa skrini, inakusomea. Ukiiuliza kwa Kiswahili inajibu Kiswahili, kile cha taarifa ya habari, lakini unaelewa.

Jikoni ndio imenimaliza. Unga wa ngano na wa mahindi, pakiti za kilo 2, ukishika ni sawa tu, zamani nilikuwa naita mtoto wa jirani, na akiwa shule nalala njaa mpaka saa kumi na moja. Sasa wapi! Karatasi za chama chetu cha akiba na mikopo pia najisomea bila mtoto kujua nadaiwa ngapi, ingawa picha inaenda kwa kompyuta za watu ng'ambo, kwa hivyo sijui nimepata siri ama nimebadilisha tu jirani.

Kwa pesa usijisumbue, noti zetu za 2019 zina mistari ya kupapasa na ukubwa tofauti, kidole kinashinda simu. Steji ya Kondele nayo weka simu mfukoni, ukimaliza kupiga picha matatu ishaenda, na wenye apu wenyewe wanasema usiitumie kuvuka barabara, fimbo ni fimbo. Dawa namuuliza mtu wa kemisti, kuna apu nyingine, jina sitaji, ilinisomea chupa ya kikohozi ikaruka kipimo.

Nyota nne kwa tano. Hiyo moja si makosa yao, ni bando, na kidole gumba changu ambacho kinapenda sana kuingia kwa picha.