Muziki wa panki wa 2025 mpaka mwanzo wa Julai: ukiwa na pesa ya albamu moja tu, nunua ipi

Nusu ya kwanza ya 2025 bendi za panki, ile roki ya kasi na hasira, zilitupa kazi kweli kweli, mimi nimesikiliza kila teksi, kila jamu, kila usiku umeme ukiwepo na usipokuwepo. Marafiki wananiuliza wanunue ipi maana pesa ya albamu saba nani anayo. Basi nimezipanga, lakini swali langu ni moja tu, ipi inastahili shilingi itoke mfukoni mwako na ipi ukiisikiliza tu mtandaoni inatosha. Albamu kali kuliko zote si lazima iwe ndiyo ya kununua, utaona huko chini.

Tumalize mambo ya pesa kwanza. Wale vijana wa vibandani wanaojaza nyimbo kwenye flashi hawana panki, nimeshauliza Kampala, nimeuliza na Jinja nyumbani nilikokulia kambini, hakuna. Kwa hiyo ni Bandcamp, tovuti ambako bendi zinauza muziki wao. Albamu nyingi za dijitali pale zinacheza kati ya dola 8 na 12, yaani kama elfu thelathini mpaka arobaini na kidogo za kwetu Uganda. Mobile money moja kwa moja hawachukui, wanataka PayPal au kadi, kwa hiyo tumia kadi ya benki au ile kadi ya mtandaoni unayoijaza kutoka kwenye MoMo, na weka pesa kidogo zaidi ya bei kwa sababu ya makato, mimi kadi yangu ilikataa mara mbili kwa kupungukiwa vijisenti tu. Bandcamp wanakata asilimia 15 kwenye muziki wa dijitali ila kuna Ijumaa fulani fulani wanaachia mgao wao wote bendi ichukue, subiri mojawapo.

Na kwa nini ununue wakati Spotify ipo? Piga hesabu. Dakika 30 za muziki kwa MP3 ya kbps 320, ile ya ubora wa juu, ni kama MB 70, unapakua mara moja basi imekuwa yako. Kustrimu dakika hizohizo kwa kbps 160 ni kama MB 35 kila ukisikiliza, ukirudia mara ya pili tu gharama zimelingana, kuanzia ya tatu unalipia hewa, na data yetu tangu Julai 2021 ina ushuru wa asilimia 12 juu yake. Spotify ya bure nayo hairuhusu kupakua nyimbo. Mimi albamu ninayoipenda naisikiliza mara hamsini.

Namba moja, bila kusitasita: Lambrini Girls, Who Let the Dogs Out, ilitoka tarehe 10 Januari. Ni Phoebe Lunny kwenye gitaa na sauti na Lilly Macieira kwenye besi, kutoka Brighton huko Uingereza, na hii ndiyo albamu yao ya kwanza kamili. Nyimbo 11, haifiki hata dakika 30, ukipanda teksi Wandegeya jioni inaisha kabla hujafika Ntinda. Besi ni chafu, imevimba, hata kwenye spika ndogo ya simu inapiga kifua. Lakini nimeiweka juu kwa sababu ya maneno. Wimbo wa kwanza unawavaa polisi, wa pili unawavaa mabosi wanaowasumbua wanawake kazini. Huo wa pili nilimtafsiria mdogo wangu wa kike anayefanya kazi ofisi moja hapa mjini, neno kwa neno, akanyamaza, halafu akasema rudisha mwanzo. Tukausikiliza mara nne. Tangu hapo hedifoni zangu sizioni. Matusi ni mengi, mbele ya wazazi usiicheze, lakini hakuna tusi lililowekwa bure mle.

Namba mbili ni Propagandhi, At Peace, ya tarehe 2 Mei. Hawa wa Winnipeg, Kanada, wapo tangu 1986 na albamu yao ya kabla ya hii ilikuwa 2017, miaka minane tumengoja! Usitegemee ile kasi ya zamani, hapa wamepunguza mwendo, gitaa zimekuwa nzito karibu na metali, na Chris Hannah anaimba kama mzee aliyekaa nje ya nyumba anaangalia dunia inavyoharibika na bado hajakubali. Nyimbo 13. Mara ya kwanza haitakushika, nakwambia ukweli, mimi ilinichukua wiki mbili, na ndiyo maana nasema inunue, kwa sababu albamu ya namna hii inataka ukae nayo na huwezi kukaa nayo huku unahesabu MB. Kama una zaidi ya miaka 35 basi ipandishe iwe namba moja yako.

Namba tatu Viagra Boys wa Stockholm, viagr aboys, Aprili 25, wameitoa kwa lebo yao wenyewe kwa hiyo pesa yako haizunguki sana. Kuna saksafoni, kuna kucheza, kuna upuuzi mwingi wa makusudi halafu wimbo wa mwisho ni wa taratibu, wa mapenzi, unakukuta hujajiandaa. Mtu asiyejua panki kabisa mwanzishie hii.

Nne ni PUP wa Toronto, Who Will Look After the Dogs?, nayo ya Mei 2. Ukiwa umeachwa, nunua. Kama hujaachwa inaweza kusubiri.

Tano Scowl, Are We All Angels, Aprili 4. Walianza kwa hadikoo, ile panki kali zaidi, ya kupiga kelele tu, sasa Kat Moss anaimba kweli, na wako waliokasirika eti wamelainika. Mimi sijakasirika, sauti yake ni nzuri, ila katikati nyimbo zinaanza kufanana, nyimbo tatu nne zinanitosha. Dropkick Murphys, For the People, ilitoka Julai 4, ina moyo, inatetea wafanyakazi kama kawaida yao, ukiwa na albamu zao mbili za zamani basi hii unaijua.

Sasa Turnstile, Never Enough, Juni 6, najua mlikuwa mnaingoja hii. Kimuziki ndiyo bora ya mwaka, sibishani na mtu. Wimbo mmoja wa dakika zaidi ya sita unaanza gitaa unaishia kwenye midundo ya klabu za Baltimore kwao, mwingine unafungwa na filimbi ya Shabaka Hutchings, na mwezi Mei walipiga shoo ya bure bustanini Baltimore wakachangisha pesa za matibabu ya watu wasio na makazi. Watu safi. Lakini wako kwenye lebo ya Roadrunner ambayo ni ya kampuni kubwa ya Warner, wanasikilizwa dunia nzima, elfu arobaini yako huko ni tone ziwani Nalubaale. Wale wasichana wa Brighton hiyo ni mafuta ya gari la kwenda shoo. Turnstile strimu, Lambrini Girls nunua.

Na kadi ikibaki na dola kadhaa, rudi nyuma kidogo mpaka 2020 uchukue albamu ya Duma, vijana wawili wa Nairobi waliotolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya hapahapa Kampala. Si ya 2025 najua. Isikilize usiku, sauti juu, kama majirani wanaruhusu.