Taa ya mimea ya elfu 45 Kariakoo, inafanya kazi ila sio kama nilivyoambiwa

Hii taa ya zambarau nina wiki ya sita nayo, nimenunua duka moja Kariakoo, alianza 60 tukabembelezana mpaka 45. Nakaa ghorofani Sinza, kibaraza kinatazama ukuta wa jirani, jua linapita nusu saa asubuhi basi, na mimi bila mchicha na rihani yangu siwezi.

Kijana wa duka akaniambia "bosi hii inaongeza usanisinuru mara tatu, wazungu wameshafanya utafiti". Usanisinuru ni ile kazi ya jani kujitengenezea chakula kwa mwanga. Nikalipa.

Kwenye mwanga hajadanganya. Klorofili, ile rangi ya jani inayodaka mwanga, inanasa zaidi nyekundu na bluu, kijani inarudi zaidi kuliko hizo ndo maana jani tunaliona kijani, na taa hii ni vibalbu vyekundu na bluu tupu. Mchicha uliokuwa umerefuka umepauka kama mgonjwa sasa umenenepa, nishachuma mara mbili.

Sasa hiyo mara tatu. Mpwa wangu anasoma botania UDSM, kaja Jumapili kaiona kacheka, "anko umepigwa". Akanielezea kuna maprofesa, mmoja anaitwa Stephen Long wa Chuo Kikuu cha Illinois Marekani, wao wanachukua usanisinuru mzima, hatua zaidi ya 100, wanauingiza kwenye kompyuta kama hesabu alafu wanatafuta wapi pamekwama. Maana ni kama foleni ya Dar, ukipanua barabara pale Mwenge tu foleni haiishi, inaenda kukusubiri mbele pale Morocco. Kwenye jani pa kukwama mara nyingi ni rubisko, kimeng'enya kinachodaka hewa ukaa, kizito balaa, kinadaka mara chache tu kwa sekunde na saa zingine kinakosea kinadaka oksijeni. Kwahiyo mwanga ukishatosha, ukiongeza taa unaunguza LUKU bure. Mchicha wenyewe una afadhali, kama mahindi na mtama unairundika hewa ukaa pale kwenye rubisko, rihani haina huo ujanja.

Alafu akanimaliza kabisa. Jani likipigwa jua kali linajikinga, mwanga wa ziada linautoa kama joto, wingu likipita bado linaendelea kujikinga dakika kadhaa, kama mtu kapanda daladala na mwavuli wazi. Timu ya Long wakabadili jeni 3 za tumbaku ili liwahi kuufunga huo mwavuli, mimea ikaongezeka uzito asilimia 14 hadi 20, ikatoka kwenye jarida la Science 2016 na dunia nzima ikashangaa. Asilimia 20 jamani! Huyu wa Kariakoo ana mara tatu kwa elfu 45, na kwenye boksi kaweka picha ya nyanya ziko shambani juani, taa ya nini sasa hapo.

Mengine: boksi linasema wati 45, fundi kapima kakuta 21, ambayo nikiwasha saa 12 kwa siku ni kama uniti 7 na nusu kwa mwezi, sio mbaya. Klipu legevu, ishadondokea rihani. Taima umeme ukikatika inasahau kila kitu, na mnajua umeme wetu. Majirani wanauliza nimefungua baa.

Nyota 3. Kama kwako giza kama kwangu nunua, ila anzia 35. Wewe wa Mbezi mwenye uwanja na jua lote hilo, elfu 45 yako nunua mbolea.