Pampu za maziwa kwa mzazi wa Lamu: ipi nzuri stima ikipotea?

Asalamu aleikum mashoga zangu, karibuni. Leo mezani nina pampu tatu za kukamulia maziwa na bakuli moja la kawaida. Bakuli hilo msilipuuze, tutalifikia. Nazungumza na mzazi ambaye mtoto wake bado hajaweza kunyonya: amezaliwa kabla ya siku zake na yuko wodi ya watoto wachanga analishwa kwa mpira, au yuko nyumbani lakini kushika titi kunamshinda. Maziwa yako yanatakiwa yasikatike mpaka aweze mwenyewe.

Uamuzi wangu nautoa sasa hivi, maana najua mzazi hana muda. Kwa sisi wa Lamu, ukiweza, nunua pampu ya kukamua matiti mawili kwa pamoja, yenye betri ndani yake. Na ujifunze kukamua kwa mkono hata kama unayo hiyo.

Sababu ni hii. Maziwa huja kwa kutolewa. Titi likikaa limejaa, mwili hupunguza kutengeneza. Likitolewa mara kwa mara, huongeza. Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa saa 24, basi na wewe unayekamua lenga mara 8 au zaidi, na usiku umo ndani ya hesabu. Kati ya saa saba usiku na saa kumi na moja alfajiri homoni ya prolaktini, ile inayotengeneza maziwa, huwa juu. Mzunguko huo ndio tunaoupenda kuuacha kwa uchovu, na ndio nakusihi usiuache. Ukiamka kabla ya adhana ya alfajiri ukakamua, hiyo moja umeipata.

Siku mbili za kwanza usiitazame chupa ukalia. Kinachotoka ni dang'a, matone mazito ya manjano, pengine vijiko vichache tu kutwa nzima, na kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake kila tone lina kazi. Maziwa mengi hushuka kati ya siku ya pili na ya tano, na aliyepasuliwa anaweza kuchelewa kidogo. Zikifika wiki mbili, kiasi kizuri ni mililita 500 hadi 750 kwa siku. Ukiwa chini ya hapo, kabla ya kutafuta dawa ongeza mizunguko.

Sasa pampu. Hii ya samawati ni Spectra S1. Nasogeza kamera mwone. Ina betri ya kuchaji, na ikijaa hufanya kazi saa mbili na zaidi. Stima ikipotea Langoni saa nane usiku, wewe unaendelea. Ile dada yake ya waridi, S2, inakamua vilevile lakini haina betri, lazima uichomeke. Dukani bei ya S2 huwa ya chini na utavutika. Nairobi pengine itakufaa. Huku kwetu lipa tofauti hiyo, tafadhali. Kuna na taa ndogo hapa juu, huhitaji kuwasha chumba kizima ukaamsha watu.

Unaanza na kitufe hiki chenye mawimbi. Kinavuta harakaharaka kwa nguvu ndogo, kama mtoto anavyoanza kunyonya, na hiyo ndiyo inayoshusha maziwa. Yakianza kutiririka, bonyeza tena, ivute polepole na kwa kina. Dakika 15 hadi 20 zinatosha. Nguvu ina ngazi 12, na naona wengi wanakimbilia ya juu kabisa. Usifanye hivyo. Maumivu huzuia maziwa kushuka. Panda ngazi moja moja, ukihisi inauma rudi nyuma.

Tazameni hiki kimpira cheupe, ncha yake imebanana kama mdomo wa bata. Hii ni vali. Nikiibinya ubavuni, mpasuko unafunguka. Sasa naiweka kwenye mwanga wa dirisha… mnaona mpasuko umeenea mpaka pembeni? Hii imechoka. Pampu italia kama kawaida, mota haina neno, lakini mvuto umepungua na mama atasema maziwa yake yamekauka. Anayekamua kutwa abadilishe vali kila mwezi mmoja au miwili, na awe na za akiba ndani, maana kuagiza mpaka kifurushi kivuke kutoka Mokowe, gati la upande wa bara, si jambo la kesho.

Jingine ni faneli, kile kikombe cha plastiki kinachokaa juu ya titi. Nyingi huja za milimita 24, na si kila titi ni la 24. Pima chuchu upana wake kwa rula, kisha ongeza milimita 2 hadi 4. Ikikufaa, chuchu husogea mbele na nyuma bila kusugua kuta, na weusi unaozunguka chuchu hauvutwi wote ndani. Ukiona chuchu inatoka nyeupe au imechubuka, badilisha saizi.

Pampu ya pili ni hii ya mkono, ya kubinya. Haina waya, haina betri, unaipeleka popote, hata ndani ya boti. Nzuri kuwa nayo kando. Lakini mara nane kwa siku, wiki baada ya wiki? Kiganja kitachoka kabla ya titi kuisha maziwa. Ya tatu ni hii ya kuvaa ndani ya sidiria. Naielewa raha yake, unapika huku unakamua. Ila kwa mwezi wa kwanza, wakati maziwa ndiyo yanajengwa, siipendekezi iwe pampu yako ya pekee, kwa sababu nyingi hazimalizi titi vizuri. Ingoje maziwa yakisimama.

Na sasa bakuli letu. Nawa mikono, kaa umeinamia mbele kidogo. Weka kidole gumba juu na vidole viwili chini, nyuma ya weusi, sukuma kuelekea kifuani, kisha kamua bila kuteleza juu ya ngozi. Zunguka titi lote. Kwa dang'a, mkono unaishinda mashine, maana matone yale huishia kunata kwenye vipande vya pampu. Na baadaye, sugua titi wakati pampu inafanya kazi, kisha malizia kwa mkono. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha kwamba mama wa watoto waliozaliwa kabla ya siku zao, walipofundishwa kutumia mikono pamoja na pampu, maziwa yao ya siku yaliongezeka kwa karibu nusu. Mikono hii unayo tayari, haiuzwi.

Ukiruhusiwa, mbebe mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, kisha kamua hapohapo. Maziwa hushuka vizuri zaidi.

Mavyaa atakuletea uji wa pilipili manga, supu ya pweza na uwatu. Uji na supu kunywa, mzazi anahitaji chakula na maji ya kutosha kiu yake, na mapenzi ya aliyekupikia nayo yanatuliza. Uwatu ushahidi wake ni mdogo, na unaweza kushusha sukari. Ukiwa na kisukari au unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, muulize daktari kwanza. Vidonge vya kuongeza maziwa usimeze kwa kuambiwa na jirani.

Joto letu lizingatieni. Ule mwongozo wa kuacha maziwa nje saa 4 ni kwa chumba cha nyuzi 25 au chini, na hapa mchana tunapita hapo. Yaingie kwenye friji mara moja. Huko hukaa siku 4. Kuyavusha hospitali, weka kwenye kibaridi chenye barafu zilizoganda vizuri, chupa imeandikwa jina, tarehe na saa. Vyombo vioshe kila baada ya kukamua, kwenye beseni lake peke yake, na kwa mtoto mchanga vichemshe mara moja kwa siku.

Mnaniuliza sana kuhusu pampu za mitumba. Nunua tu ile ambayo maziwa hayawezi kufika kwenye mota, na S1 ni mojawapo. Chukua mashine, acha mipira, faneli na vali za mwenye nazo, ununue mpya zako. Na kabla ya kutoa pesa iwashe kwa betri, bila waya, uiache ivute nusu saa mbele yako. Betri iliyokufa haitakusaidia usiku.