Seti ya kuopolea fuwele: vitanzi nasifu, bakuli hapana

Nimeitumia seti hii tangu Januari hapa Tengeru, kwenye maabara ambayo dirisha lake linatazama migomba. Ni ya kuopolea fuwele za protini na kuzigandisha kabla ya kupigwa eksirei: vitanzi vya nailoni, vichupa vyake, fimbo ya sumaku, koleo, na bakuli la povu la kuwekea naitrojeni kimiminika. Ilitua Dar, ikapanda basi, nikaifuata stendi. Bei yake imepita mshahara wangu wa mwezi, kwa hiyo nimeikagua kwa jicho la mwenye deni.

Fimbo haina neno. Sumaku inashika kitako cha pini inayobeba kitanzi bila kuyumba, ukibonyeza inaachia hapo hapo, hata ikiwa imezama kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri. Niliyorithi ilikuwa inang'ang'ania; iliwahi kunidondoshea fuwele iliyokua wiki tatu, nikatoka nje nikakae kwanza.

Vitanzi ndivyo vilivyonifanya niandike. Uzi wake ni mwembamba kuliko unywele, na duara halilegei likilowa. Nilifanyia mazoezi kwenye lisozaimu, protini ya ute wa yai, ambayo ukiiwekea chumvi na bafa yenye asidi kidogo inakupa fuwele nene, zenye adabu. Chagua duara linaloikaribia fuwele kwa ukubwa. Likizidi, linabeba maji mengi, na maji mengi hugeuka barafu. Mimi huipitisha kwanza kwenye gliseroli ya asilimia 25, ndipo naizamisha kwa mkupuo mmoja.

Ila lisozaimu haikutesi. Kimeng'enya ninachohangaika nacho kinatoa fuwele bapa kama ganda la kitunguu, na kile kisanduku kinachojirudia ndani yake kina upande mmoja mrefu kupita kiasi, uliosimama wima juu ya ubapa. Kwenye kitanzi cha kawaida bapa hulala ndani ya duara kama chapati kwenye kikaango. Mashine ikiizungusha, kuna pembe ambapo upande ule mrefu unautazama mwale uso kwa uso, na madoa ambayo eksirei inayaacha kwenye picha yanabanana kama abiria wa kifodi jioni. Hujui lipi ni lipi. Seti hii ina pakiti ya vitanzi kumi vilivyopindwa shingo. Hivyo vinaigeuza fuwele, upande mrefu ukalala karibu na mhimili wa mzunguko, na ukilala hapo haukutani na mwale hata uzungushe duara zima. Afrika nzima haina sinkrotroni, mtambo mkubwa wa duara unaotoa eksirei kali, kwa hiyo fuwele zetu husafiri hadi Uingereza ndani ya mtungi mkavu, ule ambao kuta zake zimenyonya naitrojeni isimwagike kwenye ndege, nasi tunaongoza mashine kwa intaneti tukiwa huku huku. Picha ya kwanza ya kitanzi cha kupinda ilipofunguka, madoa yameachana, kila moja na nafasi yake, msimamizi wangu alisema tu, "Haya sasa, binti." Kwake hiyo ni sifa kubwa.

Tatizo ni kwamba ni kumi tu. Kumi!

Bakuli sasa. Lilipasuka ufa siku ya kwanza nilipolijaza, na kifuniko hakijawahi kukaa. Nimenunua boksi la povu kwa muuza samaki wa Kilombero, nikalikata kwa kisu, linashika baridi vizuri zaidi (lilinuka sato kwa wiki mbili). Lijaze mpaka ukingoni na upulize ule mvuke unaokaa juu ya naitrojeni kabla ya kuzamisha, maana fuwele ikipita kwenye mvuke inapoa polepole na barafu inapata nafasi. Masika ndiyo mtihani: hewa imejaa unyevu, theluji inaota kwenye kila kitu, na kwenye picha unaona mapete ya barafu kwenye anstromu (kipimo cha nafasi kati ya atomi) 3.9, 3.67 na 3.44. Zima feni, funga mlango, pumulia pembeni.

Naitrojeni yenyewe naifuata Usa River, kwenye kituo cha uhimilishaji, pale wanapohifadhi mbegu za madume. Mara ya kwanza kaka mmoja kwenye foleni aliniuliza, "Dada, una ng'ombe wangapi?" Nikamwambia sina hata mbuzi, nina mayai. Akanisogezea mtungi kwa huruma.

Ukiagiza, uliza urefu wa pini kwanza. Mfumo wa SPINE unaotumika Ulaya unataka milimita 22 kutoka kitako hadi fuwele. Mimi nililetewa urefu wa aina mbili umechanganywa, nikakaa jioni nzima nikipima kwa rula.

Nimeshaagiza tena: pakiti tatu za vitanzi vya kupinda. Bakuli wabaki nalo.